Ziwa Huchelewa Kupoa: Mwongozo Kamili wa Kufurahia Ufuo Majira ya Joto Yanapoaga

Watu wengi huliaga ziwa mapema mno. Asubuhi ya kwanza yenye baridi ikibisha hodi, taulo hukunjwa, kayaki hurudishwa stoo, na ufuo huachiwa ndege. Haraka hiyo haina sababu, kwa kuwa hewa na maji havipoi kwa pamoja. Kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja tu huhitaji nishati karibu mara nne ya ile inayopasha kilo moja ya hewa, na maji yakishalipokea joto hilo hayaliachii upesi. Ardhi inaweza kuanza kuzizima usiku huku ziwa bado limeyashika majira yaliyopita.

Pengo hilo kati ya hewa na maji ndilo linaloleta ukungu wa alfajiri, machweo yenye vuguvugu karibu na maji, na miti ya ufuoni inayobaki na majani kwa siku kadhaa baada ya ile ya mlimani kupukutika. Hatari za kipindi hiki nazo hutokana na pengo hilohilo. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeipanga kwa kulitazama ziwa kwanza, kalenda baadaye. Majira yanayokuja baada ya yale ya joto nitayaita mapukutiko, yaani wakati wa majani kugeuka rangi na kuanguka. Kaskazini mwa dunia kipindi ninachokizungumzia huanza mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Kusini, mwishoni mwa Februari hadi Aprili.

Hatua ya kwanza: chagua ziwa kwa kina chake

Kabla ya kuuliza ziwa lipi linapendeza, uliza lipi lina kina. Ziwa dogo lenye kina kifupi hupata joto haraka na kulipoteza haraka. Wiki mbili za usiku baridi zinatosha kulibadilisha. Ziwa kubwa lenye kina kirefu huchelewa kupata joto, lakini likishalipata hukaa nalo, na hata hewa ya ufuoni kwake huwa na upole usiopatikana kilomita chache bara. Jalidi ya kwanza, yaani umande unaoganda usiku, huchelewa kufika huko.

Anayetaka kuogelea hadi dakika ya mwisho aende kwenye ziwa kubwa, katika ghuba iliyokingwa na upepo. Anayetaka ndege, matete na ukungu mzito atafurahi zaidi kwenye ziwa dogo lenye kingo za majimaji. Mwenye watoto wadogo atafute ufuo wa mchanga unaoteremka taratibu, wenye njia fupi ya kurudi kwenye gari au kituo cha basi, maana siku za majira haya hugeuka bila taarifa.

Chungulia pia maji yenyewe kabla ya kuamua. Mwisho wa majira ya joto ndio wakati mwani wa kijani-samawati (ambao kwa hakika ni bakteria) huchanua zaidi, hasa kwenye maziwa yanayopokea mbolea kutoka mashambani. Ukiona uso wa maji kama uliomwagiwa rangi ya kijani, au utando mzito uliosukumwa na upepo hadi ukingoni, usiingie, watoto wasichezee hapo, na mbwa usimwache anywe wala ajirambe manyoya akishalowa. Sumu ya bakteria hao huweza kumuua mbwa, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Hatua ya pili: panga safari tatu badala ya moja

Huu ndio ushauri ninaouthamini kuliko wote humu. Safari moja itakuonyesha picha nzuri. Safari tatu kwenye ziwa lilelile, kwa kupishana wiki mbili au tatu, zitakuonyesha ziwa likibadilika mbele ya macho yako.

Safari ya kwanza iwe pale mchana ungali na joto na usiku umeanza kuwa na ubaridi. Hiyo ni safari ya kuogelea na kukaa muda mrefu. Ya pili iangukie karibu na siku ambayo mchana na usiku hulingana, yaani tarehe 22 au 23 Septemba kaskazini, na 20 au 21 Machi kusini. Hiyo ni ya ukungu, ndege na rangi za mwanzo. Ya tatu ni ya majani kupukutika, na utaenda umevaa kwa baridi bila kutegemea kulowa.

Zingatia mwanga katika mipango yako. Siku za mlingano huo ndizo mchana unapofupika kwa kasi kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwenye latitudo za 45 hadi 50 hupungua kwa dakika 3 hadi 4 kila siku, hivyo zaidi ya dakika 20 kwa wiki. Njia uliyoimaliza kwa nuru wiki tatu zilizopita itakuingiza gizani safari hii, ukiwa umetoka nyumbani saa ileile. Hesabu saa ya kurudi kuanzia machweo kwenda nyuma, kisha ongeza saa nzima ya ziada.

Hatua ya tatu: usome utabiri kwa jicho la ziwa

Utabiri wa kawaida huandikwa kwa ajili ya nchi kavu, kwa hiyo usiishie kwenye mchoro wa jua au wingu.

Anza na upepo. Nyuzi 18 bila upepo ni siku ya kukaa na shati. Nyuzi hizohizo upepo ukivuma kutoka majini ni siku ya koti. Angalia unavuma kutoka upande gani, kwa sababu mawimbi hukua kadiri upepo unavyosafiri juu ya maji. Upande wa ziwa ambako upepo unatokea huwa shwari. Upande unakoishia hupigwa. Mara nyingi asubuhi huwa tulivu na upepo huamka kuelekea adhuhuri, hivyo mambo yote ya majini yapange mapema.

Halafu tafuta usiku wa ukungu. Unahitaji mambo matatu kwa pamoja: anga safi usiku, upepo uliolala, na hewa iliyoshuka nyuzi 10 au zaidi chini ya joto la maji. Mvuke unaopanda kutoka kwenye maji ya vuguvugu hukutana na hewa hiyo baridi na kugeuka matone madogo papo hapo. Kukiwa na mawingu, joto la ardhi hufunikwa na usiku haupoi vya kutosha. Kukiwa na upepo, ukungu hutawanywa kabla haujasimama. Nimeamka alfajiri nyingi za bure kabla sijajifunza kuyaangalia yote matatu jioni ya kuamkia safari.

Ngurumo ni jambo jingine. Ukiisikia, toka majini na uondoke ufuoni, uingie ndani ya jengo au gari lililofungwa, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Hatua ya nne: vaa kwa tabaka, fungasha kwa ajili ya kulowa

Asubuhi utahitaji sweta, mchana fulana, jioni sweta tena na koti juu yake. Nguo tatu nyepesi zina faida kuliko moja nzito kwa sababu unaweza kuvua na kuvaa kadiri joto linavyobadilika. Inayogusa ngozi isiwe ya pamba. Pamba hunywa jasho na maji, kisha hukupoza. Sufu au kitambaa cha michezo hukauka au huendelea kukupa joto hata kikiwa na unyevu.

Kwenye begi la mgongoni weka soksi za akiba na nguo moja kamili ya kubadili, zote ndani ya mfuko usiopitisha maji. Ongeza koti la mvua, kofia ya kufunika masikio, kitu cha kukalia kisichopitisha unyevu (ardhi ya ufuoni hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa), chupa ya kinywaji cha moto, na tochi ya kichwani yenye betri mpya. Simu huishiwa chaji haraka kwenye baridi, hivyo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Viatu viwe vyenye soli ya kushika: majani yaliyolowa juu ya gati la mbao huteleza vibaya sana.

Katika nchi nyingi mapukutiko ndiyo msimu wa uwindaji. Uliza kama eneo lako limo, na kama limo vaa kizibao cha rangi ya machungwa kinachoonekana kwa mbali. Mbwa naye mfunge kitambaa cha rangi hiyo.

Hatua ya tano: fika kabla ya jua

Uwe umeketi ufuoni nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Chagua ukingo ambao utalitazama jua likipanda ng'ambo ya maji, kwa sababu ukungu hupendeza zaidi ukimulikwa kutoka nyuma. Keti mahali pa chini. Ukiwa umesimama utauona kama blanketi jeupe. Ukiwa umekaa karibu na uso wa maji utaona kwamba ni nguzo ndogondogo za mvuke, zikitembea taratibu kana kwamba kila moja ina safari yake.

Dakika kumi za kwanza usifanye lolote. Acha macho yazoee na wanyama wasahau ulivyofika. Sauti husafiri mbali juu ya maji yaliyotulia asubuhi, kwani hewa baridi iliyolala juu ya uso wa ziwa huipinda sauti kurudi chini badala ya kuiacha ipotee angani. Utamsikia samaki akiruka mbali kuliko unavyodhani, nao wa ng'ambo watakusikia wewe. Nong'oneni.

Kwa anayepiga picha, tegemeza simu au kamera juu ya jiwe au begi kwa sababu mwanga bado ni mchache, na usiiache ipime mwanga kwa kutumia ukungu mweupe peke yake. Itaifanya picha yote kuwa ya kijivu. Gusa skrini kwenye sehemu yenye mwanga wa kadiri, kisha rekebisha. Weka kitu kimoja cheusi mbele, tete au ubavu wa mtumbwi, ili jicho lipate pa kushika. Jua likishapanda, saa moja au mbili zinatosha kuumaliza ukungu wote.

Hatua ya sita: mchana tembea ukiwa na swali

Matembezi ya kuzunguka ziwa huchosha haraka ukitembea tu kumaliza njia. Chagua jambo moja la kufuatilia.

Fuatilia rangi, kwa mfano. Jani la kijani huwa na rangi ya manjano ndani yake tangu mwanzo, ila imefunikwa na klorofili, ile rangi ya kijani. Mti unapojiandaa kwa baridi huvunja klorofili ili kuokoa virutubisho vyake, na manjano iliyokuwa imefichwa hujitokeza. Nyekundu ni habari nyingine: katika miti mingi hutengenezwa upya wakati huo, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Mchana wa jua kali ukifuatwa na usiku baridi usio na jalidi ndio huizalisha kwa wingi. Ukilijua hilo utaanza kuona kwamba kwenye mti mmoja upande unaopigwa na jua ni mwekundu na ule wa kivulini umebaki wa manjano. Tafuta pia miti ya ukingoni kabisa na uilinganishe na ile ya mita mia kadhaa juu. Ziwa likiwa kubwa, utaona namna linavyoichelewesha ile ya karibu.

Au wafuatilie wadudu. Adhuhuri yenye jua, kerengende hutua juu ya mawe na mbao zilizopata joto, nao huwa wazito kiasi kwamba unaweza kuwakaribia kuliko siku za joto kali. Asubuhi yenye umande, utando wa buibui kwenye matete huonekana wote kwa mara moja, na utashangaa wingi wake.

Uyoga utauona sana. Uutazame na kuupiga picha. Usile hata mmoja bila mtu mwenye ujuzi wa kweli kuuthibitisha mkononi mwako, kwa sababu baadhi ya ile inayoua hufanana mno na ile inayoliwa.

Vijito vinavyoingia ziwani navyo vichukulie kwa uangalifu. Samaki wengi aina ya trauti na jamaa zao hupanda vijito hivyo wakati wa mapukutiko kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Ukikanyaga changarawe hiyo unakanyaga mayai. Vuka darajani.

Mbu hupungua, ila kupe bado wapo, hasa kwenye nyasi ndefu na majani makavu. Ingiza suruali ndani ya soksi, na mkifika nyumbani kaguaneni: nyuma ya magoti, kwapani, kiunoni, nyuma ya masikio na kichwani kwa watoto. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu na moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma kwa moto. Andika tarehe, na ukipata homa au duara jekundu linalopanuka kwenye ngozi wiki zinazofuata, nenda kwa daktari umweleze, kwa kuwa ugonjwa wa Lyme, unaoenezwa na kupe, hutibika vizuri ukiwahiwa. Nyigu nao wakati huu hutafuta vitu vitamu kwa bidii: funika vinywaji, na tazama ndani ya kikombe kabla ya kunywa.

Hatua ya saba: kuingia majini

Wahenga walisema ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge. Kwa ziwa la majira haya methali hiyo iweke kando: vua, pima, na ukiona hapana, vaa tena.

Beba kipimajoto cha maji kilichofungwa kamba, na upime pale utakapoogelea, si kwenye kina cha kifundo cha mguu palipopashwa na jua. Juu ya nyuzi 20 watu wengi hufurahi. Kati ya 15 na 20 ingia kwa muda mfupi na karibu na ukingo. Chini ya 15, mwili hupatwa na mshtuko wa baridi: pumzi huvutwa ghafla bila hiari, moyo hukimbia, na mtu anayejua kuogelea vizuri kabisa huweza kuvuta maji mapafuni ndani ya dakika ya kwanza. Mwenye shida ya moyo au shinikizo la damu azungumze na daktari wake kabla hajajaribu.

Usiruke kamwe. Ingia kwa miguu, lowesha uso na shingo, toa pumzi polepole. Ukianguka kwa bahati mbaya, usipigane na maji: jilaze chali, uelee, subiri dakika moja hadi moja na nusu mpaka pumzi itulie, ndipo uanze kurudi ukingoni au kuita msaada. Baada ya hapo, kwenye maji ya baridi sana, una dakika kama kumi tu za mikono na miguu kukutii sawasawa. Ogelea sambamba na ukingo, usiende katikati, na usiingie bila mtu anayekutazama kutoka nchi kavu. Pombe isiguswe kabla wala baada.

Kutoka majini nako kuna ujuzi wake, na hapa ndipo pengo la hewa na maji linapowadanganya wengi. Maji yalikuwa ya vuguvugu, hewa ni baridi, na mwili huendelea kupoa kwa dakika kadhaa baada ya kutoka. Nguo zipange kabla ya kuingia, ya kwanza kuvaliwa ikiwa juu. Jikaushe, vaa sehemu ya juu ya mwili kwanza, kofia, kisha chini. Kunywa kitu cha moto kidogokidogo na tembea taratibu. Mtu akitetemeka bila kukoma, akianza kuongea kwa kukokota au kujikwaa, mambo yameshafikia kuita huduma ya dharura: mfunike, mkinge upepo, mkalishe au mlaze, msimsugue.

Kwenye mtumbwi au kayaki kanuni ni moja: jaketi okozi livaliwe na kufungwa, lisiwekwe miguuni. Vaa kwa kufuata joto la maji hata kama jua linakushawishi vingine.

Hatua ya nane: choo, sabuni na moto

Choo na kuosha vyombo viwe angalau mita 60 kutoka majini, shimo la choo liwe na kina cha sentimita 15 hadi 20. Sabuni isiingie ziwani, hata ile inayouzwa kuwa rafiki wa mazingira. Moto uwashwe tu panaporuhusiwa na palipofagiliwa majani makavu. Umwagie maji, koroga majivu, umwagie tena, mpaka uweze kuyashika kwa mkono. Kuni zitoke hapohapo au karibu, kwani kuni za mbali husafirisha wadudu wanaoua misitu.

Hatua ya tisa: baki hadi giza

Jioni ni ya mbayuwayu. Kabla ya kuhama hukusanyika kwa mamia, wakati mwingine maelfu, wakizunguka juu ya matete jua linapozama, kisha wote hushuka kulala karibu kwa mara moja. Wengi wa hao wa Ulaya ni walewale watakaoonekana miezi michache baadaye wakikata anga juu ya mashamba ya Afrika, kusini mwa Sahara. Kuwatazama ukijua safari iliyo mbele yao ni jambo linaloushika moyo. Bata bukini nao hupita juu kwa safu ya pembe, na utawasikia kabla ya kuwaona. Darubini yenye alama 8x42 (hukuza mara 8, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42) inatosha, kwa sababu inapokea mwanga vizuri wakati wa machweo. Kaa mbali na kundi linalopumzika. Ndege wakiacha kula na kuinua vichwa vyote pamoja, umeshawasogelea mno, rudi nyuma. Wanahitaji kila chembe ya nguvu.

Ukiweza, chagua mwezi mpevu ulio karibu na siku ya mlingano. Kwa kawaida mwezi huchelewa kuchomoza kwa karibu dakika 50 kila siku. Kwenye latitudo za kati, siku hizo huchelewa kwa nusu saa au pungufu. Kwa hiyo kwa jioni kadhaa mfululizo utauona ukipanda juu ya maji mara tu baada ya machweo, na utarudi kwa mbalamwezi.

Hatua ya kumi: daftari na sahani nyeupe

Kila safari andika mambo manne: joto la hewa, joto la maji, hali ya majani, na ndege uliowaona. Ongeza kipimo cha tano, ambacho watoto hukipenda. Mwaka 1865 padri na mtaalamu wa nyota wa Italia, Angelo Secchi, alipima uangavu wa bahari kwa kushusha diski nyeupe hadi ilipopotea machoni. Sahani nyeupe ya plastiki yenye upana wa sentimita 20, iliyofungwa jiwe chini na kamba yenye fundo kila nusu mita, itakutosha. Ishushe kutoka gatini upande wenye kivuli, andika kina inapopotea, ivute taratibu, andika inapoonekana tena, chukua wastani.

Namba hizo zitabadilika. Maji ya juu yakipoa huwa mazito na kuzama, yakichanganyika na yale ya chini, hadi ziwa lenye kina lijigeuze lote kutoka juu hadi chini. Maji huwa mazito zaidi yakikaribia nyuzi 4. Siku za kujigeuza huko sahani inaweza kupotea mapema, na pengine utasikia harufu kama ya mayai viza ikitoka vilindini. Usiogope, ziwa linapeleka oksijeni chini kwa ajili ya miezi ya baridi. Siku hiyo toa chombo chako, mtumbwi au kayaki, majini, ondoa magugu yote, mwaga maji yote yaliyomo, kikaushe kabisa kabla hakijagusa ziwa jingine, na uandike tarehe kwenye daftari ili mwaka ujao ujue una wiki ngapi.